Makro Iliyofuta Shaka

Jumanne, tarehe 14 Agosti 2068, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mji wa Tabora ulikuwa mkavu. Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka mashariki ukipiga vumbi jekundu hadi kwenye vioo vya ghorofa ya tatu, na jua, ingawa lilikuwa halijafika utosini, lilikwisha kuyachoma mabati ya nyumba yetu ya kuchapisha vitabu hata yakawa yanalia.

Nilikuwa nasahihisha kitabu cha jiografia cha darasa la sita. Mwandishi wake, profesa mwenye sifa, alikuwa na ugonjwa wa wasomi wengi: hakuweza kuutaja mto bila kuuomba radhi. "Yaonekana kwamba Mto Malagarasi, kama sikosei, huenda ukawa unaelekea Ziwa Tanganyika." Nilibonyeza kitufe kimoja. Makro yangu niitayo Msasa ilipita juu ya ukurasa kama mkono wa seremala upitavyo juu ya ubao, na sentensi ikasimama kwa miguu yake yenyewe: "Mto Malagarasi unaelekea Ziwa Tanganyika."

Makro ni amri nyingi zilizofungwa ndani ya kitufe kimoja. Mhariri huifundisha mashine mara moja kazi ambayo vinginevyo angeirudia mpaka macho yafe ganzi. Ninazo nyingi. Moja hufuta nafasi zilizorudiwa, nyingine huhakikisha kwamba mhusika aliyeitwa Shija katika sura ya kwanza haitwi Shijja katika sura ya tisa. Lakini Msasa ndio fahari yangu, kwa sababu niliutunga kwa kanuni iliyonilea. Katika Shule ya Wavulana ya Itobwe, kwenye gwaride la jioni, aliyeanza jibu kwa "nadhani" alipandishwa juu ya benchi mpaka kengele ya chakula. Anayejua aseme, asiyejua anyamaze. Nilikuwa kiranja mkuu, na wengi niliwapandisha kwa amri yangu. Wamekuwa wahandisi na maaskofu, wala sijasikia aliyelalamika.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

"Wewe ndiye Mhoja wa Msasa?"

Nilisimama. Itobwe ilitufundisha kwamba mwanamume haketi mgeni wake akiwa wima. "Mimi ni Laurian Mhoja, mhariri mkuu. Karibu uketi, mama."

"Siketi. Nikiketi nitalia, na sikuja kulia."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mabega mapana na vidole vyenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Alisema anaitwa Kabula Shigela, anatengeneza pikipiki za umeme mtaani Kanyenye, na kwamba jina langu amelitoa hapa. Akanitupia kishikwambi chake juu ya jiografia yangu.

Chini ya kila andiko lililopigwa muhuri, sheria inaamuru makro zote zilizolipitia zitajwe pamoja na watunzi wake. Jina langu lilikuwepo. Nilifurahi kuliona, kabla sijasoma kilichokuwa juu yake. Kilikuwa ushahidi wa mahakamani.

"Soma," alisema. "Kwa sauti. Nataka nikusikie ukiyatamka."

Nilisoma: "Niliona mtu akitoka katika ghala la mbegu linalowaka. Mtu huyo alikuwa Sande Malugu."

"Maneno ya nani hayo?"

"Yako. Jina lako limeandikwa hapa."

"Jina ni langu. Sasa nikuambie nilichosema. Nilisema, niliona mtu akitoka, nadhani alikuwa Sande, maana alichechemea kama Sande, lakini moshi ulikuwa mzito na macho yalikuwa yanachuruzika. Hivyo ndivyo nilivyosema. Moshi wangu uko wapi, Mzee Mhoja? Umeuvuta?"

"Mama, makro hii ni ya vitabu vya shule. Haina ruhusa wala sababu ya kuingia mahakamani."

"Kwa hiyo mimi ni kitabu cha shule? Nina picha za ng'ombe?"

Nilikuwa nimeanza kusoma upya. Mlinzi aliteketea ndani ya ghala lile, na Sande Malugu alihukumiwa kifungo cha maisha kwa sentensi mbili. Rufaa yake ilikuwa isikilizwe kesho yake saa tatu asubuhi, na baada ya hapo shauri lingefungwa lisifunguliwe tena. Majaji wa rufaa hawamwiti shahidi. Husoma andiko lenye muhuri, basi. Na sauti ya shahidi haipo tena duniani: tangu ile miaka ya sauti za kughushi, baba alipopigiwa simu na kilio cha mwanawe ilhali mwana amelala chumba cha pili, serikali ya Shirikisho iliamuru kila sauti iharibiwe mara tu andiko lake linapopigwa muhuri. Andiko si kivuli cha ushahidi. Andiko ndilo ushahidi.

"Nilimwambia karani," alisema Kabula. "Akanijibu muhuri haudanganyi. Nikaenda kwa wakili wa Sande, akaniambia shahidi anayegeuza maneno baada ya muhuri hufungwa yeye. Ndipo nikasema, basi nimtafute huyo fundi aliyenipiga msasa mimi."

"Sema tena ulichosema," nilimwambia. "Sema mbele ya mashine hii."

Alisema. Maneno yake yalijipanga kwenye kioo, yote, pamoja na moshi na machozi. Nikabonyeza kitufe.

Ilichukua muda wa kope moja kushuka na kupanda. *Niliona mtu akitoka. Alikuwa Sande.*

Nilibonyeza mara ya pili, na ya tatu, kana kwamba chombo kingeona haya. Nilikuwa nimeufundisha Msasa, kwa ustadi niliojivunia mbele ya wahariri wenzangu, kwamba shaka inapokatwa, na visababu vyake vikatwe, ili sentensi isibaki inaburuta mkia. Moshi ulikuwa mkia. Machozi ya mama huyu yalikuwa mkia.

"Unaona?" aliuliza.

"Naona."

"Na hukujua?"

"Sikujua."

"Basi vaa koti. Twende kwa anayejua."

*

Ghala Kuu la Maandishi lipo nje ya mji, jengo refu lisilo na madirisha, ndani yake baridi kama asubuhi ya Juni. Katika ukumbi wake ukuta mzima ni taa: kila taa ya kijani ni fungu la maandiko yenye muhuri. Msajili Mkuu wake ni Pastory Ngassa. Tulilala vitanda vya juu na chini Itobwe, yeye juu kwa sababu alikuwa mwepesi. Wepesi huo haupo tena.

"Kiranja Mkuu!" Alipiga saluti ya kishule, tumbo mbele, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Nani kafa? Wewe huji kwangu pasipo msiba. Na huyu mama umemkamata kwa kosa gani, kuchelewa gwaride?"

"Pastory, ulichukua makro yangu."

"Niliazima. Makro iliyosajiliwa kila ofisi huazima. Tena nilitaka kukuandikia barua ya shukrani, bwana we! Majaji wanatusifu. Zamani shahidi alikuwa anazunguka: mara nadhani, mara sijui vizuri, mara nilikuwa mbali kidogo. Jaji anasinzia. Sasa mashahidi wetu wanasema kama watu wazima. Mashauri yanakwisha."

"Na Sande amekwisha," alisema Kabula.

Pastory alimtazama kwa mara ya kwanza. Nilimweleza kwa kifupi. Hakuna neno nililoongeza. Nilipofika kwenye moshi, kicheko kilikuwa kimekwisha kumtoka usoni, ila bado hakikuwa kimeondoka mdomoni, kikawa kimening'inia tu.

"Ni ushahidi huu mmoja?" niliuliza.

"Msasa upo kwenye mlango wa kuingilia."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Kila ushahidi unaoingia unapita hapo. Wote, Mhoja. Tangu mvua za mwaka juzi."

Nilikuwa nimekuja kuuliza juu ya kibao kimoja kilichokwaruzwa, nami nilikuwa naonyeshwa msitu.

Bado nilikuwa na tumaini moja, na nilikwenda kwalo kwa haraka ya mtu anayepapasa mfuko ulioibiwa. Mhariri mwenye adabu haruhusu makro ikate kitu ikakitupa. Kila makro yangu ina kapu: kilichokatwa hudondokea humo, kikiwa na alama ya mahali kilipotoka, ili mwandishi akigomba kirudishwe. Ni desturi ya kazi yetu, ya kale kuliko mashine hizi. "Kapu," nilisema. "Fungua kapu."

"Nililifunga."

"Ulilifunga?"

"Lilikuwa linajaa kuliko maandiko yenyewe! Takataka za watu, Mhoja: labda, nafikiri, nilikuwa nimesinzia kidogo. Nani analipia ghala la labda? Nikafunga."

Sauti zimeharibiwa, makapi hayakuhifadhiwa. Ningeweza kutunga makro ya kurudisha shaka kabla ya adhuhuri, lakini ingeirudisha wapi? Ingekisia. Shahidi aliyeona kwa macho yake angetiwa moshi, na aliyekuwa katika moshi angeachwa na uhakika. Yaliyosemwa na watu wale yalikuwa yamekwenda, wala hapakuwa na pa kuyafuata.

Pastory alifunga mlango. Aliporudi, alikuwa ameshusha sauti.

"Sikilizeni. Si msiba. Huyu mama yupo hai, yupo hapa, na anakumbuka. Nina ufunguo wa kufungua andiko moja. Wewe, mhariri, unaingiza hayo maneno yake mahali pake. Napiga muhuri upya kwa tarehe ileile. Kesho majaji wanasoma, wanakuta shaka, Sande anatoka saa nne. Nani kaumia?"

"Na wengine?"

"Wengine hawajabisha hodi."

"Andika," alisema Kabula. Alikuwa amenishika mkono wa koti. "Mzee, andika sasa hivi. Ni maneno yangu. Si uongo."

"Si uongo. Lakini muhuri wa tarehe ya zamani ni uongo, na kunyamaza kwetu baada yake ni uongo mkubwa zaidi."

"Wewe unachagua ukubwa wa uongo, mtu yuko ndani! Wale wengine siwajui. Sande nimemfunga mimi. Mimi hapa, kwa mdomo huu. Nimemtengenezea pikipiki yule kijana. Ananisalimia 'shikamoo mama fundi.'"

"Kuna njia nyingine," nilisema.

Pastory aliinua mkono kabla sijaitaja. Aliijua. Mtunzi wa makro ana haki ya kuiondoa katika matumizi, kwa kidole chake na kwa sababu itakayotangazwa hadharani. Na makro ikiondolewa, kila muhuri ulioiegemea huanguka saa hiyohiyo. Pasipo andiko lenye muhuri, sheria inarudi kwenye desturi ya zamani: shahidi aitwe, asimame, aseme kwa mdomo wake.

"Usifikirie hata kuifikiria," alisema. "Unamkumbuka yule mtu wa Urambo, aliyewaua wanawe? Ushahidi wake ulipita kwenye Msasa. Shahidi wake alifariki mwaka huu. Ukiangusha muhuri, hakuna wa kumwita. Yule mtu anatoka, Mhoja. Anatembea. Utakutana naye sokoni ananunua nyanya."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza jina langu, na jina la mtu ni lake kulipoteza. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu wa Urambo.

"Shahidi yule alisema nini," niliuliza, "kabla ya kupigwa msasa?"

"Nitajuaje?"

"Basi hujui kama aliua."

"Kila mtu anajua aliua!"

"Na kila mtu anajua Sande alichoma ghala. Imeandikwa."

Pastory aliketi. Mashine zilisikika zikihema nyuma ya ukuta. Niliwaza, na sikuwaza kwa ushujaa. Njia ya Pastory ilikuwa na mwisho unaoonekana: kijana nje, mama huyu amepumua, mimi nimerudi kwenye mito yangu. Njia yangu haikuwa na mwisho wowote ambao ningeweza kumwonyesha mtu. Ingewatoa wasiokuwa na hatia na wauaji kwa mlango mmoja, na Sande mwenyewe ingemwacha gerezani akingoja zamu ya mashahidi wake kuitwa upya. Lakini nilipolijaribu moyoni lile jambo jepesi, nilimwona mhariri anayesahihisha ukurasa ambao mwandishi wake yupo mlangoni, na kuacha umeharibika ule ambao mwandishi wake yuko mbali. Huyo si mhariri. Ni mtumishi wa wanaobisha hodi.

"Bibi Kabula," nilisema, "muhuri ukianguka, utaitwa. Utasimama mbele ya majaji, na mjane wa mlinzi atakuwa ameketi pale. Utasema kwamba hukumwona vizuri?"

"Yule mjane ni jirani yangu. Tunachota maji bomba moja. Atanitemea mate."

"Yaweza kuwa."

"Nitasema." Alifuta uso kwa kiganja, akajiachia alama nyeusi shavuni. "Lakini Sande atangoja hadi lini?"

"Sijui."

"Aa! Neno hilo umelipata wapi leo? Si ulikuwa unalifuta?" Hakuwa anacheka. "Mnyoofu kama mlingoti, baba, na baridi kama huo mlingoti. Haya. Fanya. Lakini kesho asubuhi utakwenda gerezani mwenyewe umweleze Sande kwa nini halali kwake. Mimi siendi kukusemea."

"Nitakwenda."

Nilikaa mbele ya meza ya usajili. Mashine ilidai sababu, nami niliandika bila kupamba: *Makro hii imeondoa shaka katika ushahidi wa watu, na shaka hiyo haiwezi kurudishwa. Kosa la kuitunga bila kuizuia ni la mtunzi. Kosa la kufunga kapu ni la Ghala Kuu.*

Pastory alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hata hapo unanitaja?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini kweli si lazima iandikwe yote, Mhoja! Ndiyo maana kuna wahariri!"

Niliweka kidole.

Ukutani taa ya kwanza ilizimika, kisha mstari mzima, kisha giza likapanda kutoka sakafuni hadi darini kwa namna ya maji yanayojaa kisimani. Zilizobaki zilikuwa chache, za mikataba ya ardhi na vyeti vya kuzaliwa. Kabula alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. "Mungu wangu," alisema polepole. "Wote hao?" Nilikuwa nimeambiwa *wote*, nami nilikuwa nimelisikia neno. Sasa nililiona. Simu ya Pastory ililia, ikafuatwa na ile ya mezani, na mahali fulani ndani ya jengo nyingine, na nyingine.

Hakupokea hata moja. Alivuta kiti akaketi karibu nami, goti kwa goti, kama tulivyoketi bwenini.

"Mtunzi anaweza kuirudisha makro kabla saa moja haijapita," alisema. "Sheria inaruhusu. Utaandika kwamba ulikosea kitufe. Na kuna jingine sikukuambia tangu uingie kwa sababu si jambo la kumwambia mtu. Kidato cha pili, homa ya uti wa mgongo ilipokukaza, gari la shule likiwa bovu na mto umejaa, nani alikubeba hadi hospitali ya misheni?"

"Wewe."

"Maji yalinifika wapi?"

"Kifuani. Mimi ulinibeba juu ya kichwa chako."

"Daktari alisema ungechelewa kidogo ungekufa. Ulipopona ukaniita kitandani kwako. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia siku yoyote utakayoniomba jambo lolote, nitalitenda."

"Sijawahi kukuomba. Nilipokosa nauli sikukuomba, mke wangu alipolazwa sikukuomba. Leo naomba. Watanifunga, ndugu yangu. Nina wajukuu. Rudisha."

Nilimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka katika baridi ile, na chini ya uso wa Msajili Mkuu niliuona uso wa mvulana yule, ukiwa na matope hadi kidevuni, ukiniambia nisifumbe macho. Sikuwa nimempenda mtu yeyote Itobwe kama nilivyompenda yeye. Simu ziliendelea kulia.

"Ulinibeba," nilisema. "Unanidai uhai wangu, na shahidi ni mama huyu. Uza nyumba yangu uweke wakili. Nitasimama mahakamani niseme mema yote niliyoyaona kwako, na ni mengi. Lakini hili uliloliomba silitendi. Deni ni la haki, Pastory, nami nakataa kulilipa."